Mafunzo Niliyopata Nikiishi Chini ya Droni za Polisi

Naishi Chula Vista, kusini mwa San Diego, Marekani, kilomita chache kutoka mpaka wa Meksiko. Polisi wa mji huu walitangulia wenzao wa Marekani, Oktoba 2018, kuitikia simu za dharura kwa droni. Kazi yangu ni ukalimani kwa familia za Wakongo, kwa hiyo maswali kuhusu mlio ule wa angani huniangukia mimi.

1. Droni hufika kabla ya askari. Hupaa kutoka juu ya paa mtu anapopiga 911, namba ya dharura, na askari walio njiani huona picha kwenye simu zao. Kuna kisa maarufu hapa cha mtu aliyeripotiwa kuwa na bunduki. Kamera ikamwonyesha akiwasha sigara kwa "bunduki" hiyo. Askari waliofika wakijua hilo hawakuwa na sababu ya kufyatua risasi. Sitadharau faida hiyo.

2. Haziwapitii wakazi wote sawasawa. Mama mmoja aliniuliza, "Kaka, wanaangalia nguo zangu nilizoanika?" Nilimfungulia ramani ambayo mji wenyewe huiweka wazi, ikionyesha kila safari, saa na sababu yake. Mwaka 2024 jarida la WIRED lilichambua karibu safari 10,000 za namna hiyo, likakuta mitaa ya magharibi, yenye kipato kidogo, hupitiwa zaidi. Mama anaishi magharibi.

3. Ramani si video. Hapa ndipo penye mgogoro. Arturo Castañares, mchapishaji wa gazeti la La Prensa San Diego, aliomba video za mwezi mmoja wa 2021. Mji ukakataa, ukidai zote ni kumbukumbu za upelelezi. Desemba 2023 mahakama ya rufaa ya California ilikataa dai hilo la jumla: droni iliyotumwa kumtazama simba wa milimani anayezurura mtaani, au dereva aliyekwama barabarani, haipelelezi uhalifu wowote. Kwa maoni yangu mahakama ilisema jambo ambalo halikuhitaji mahakama.

4. Swali la nguo halijibiwi kwa kutazama juu. Polisi wa kwenu wakinunua droni, waulizeni kabla haijaruka: video inatunzwa kwa muda gani, na raia aliyerekodiwa anaweza kuiona?