Kichwa Kinauma: Kitambue Kabla ya Kumeza Dawa

Muuza duka la dawa mara nyingi haulizi kichwa kinauma upande gani. Anauliza unataka vidonge vingapi. Basi jiulize mwenyewe, kwa mpangilio huu.

1. Ondoa hatari kwanza. Maumivu yaliyolipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja, homa yenye shingo kukakamaa, kulegea upande mmoja wa mwili, ulimi kuwa mzito, kuchanganyikiwa, au kichwa kuuma baada ya kugongwa: nenda hospitali sasa hivi. Vivyo hivyo mjamzito aliyepita wiki ya 20 anayeumwa sana kichwa au kuona ukungu, kwani huenda kifafa cha mimba kinanyemelea. Anayeishi na VVU asingoje kichwa kinachozidi siku hadi siku kipoe chenyewe. Na aliyevuka miaka 50, kama hajawahi kuumwa namna hiyo, akapimwe.

2. Pima joto. Ukiwa na homa, kapime malaria; kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hutoa jibu kwa takriban dakika 20. Kumeza dawa ya mseto ya malaria kwa sababu tu kichwa kinauma ni kubahatisha.

3. Onyesha kwa mkono panapouma. Kikibana pande zote mbili kama kilemba kilichokazwa mno, na kazi bado zinafanyika, hayo ni maumivu ya mkazo, yanayowapata watu wengi kuliko aina nyingine. Hudumu nusu saa hadi siku 7. Kikigonga kwa mapigo, aghalabu upande mmoja, kwa saa 4 hadi 72, tena pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga na kelele, shuku kipandauso. Wengine hutanguliwa na vimulimuli machoni. Wako pia wanaokiita mafua ya ndani kwa miaka na miaka, wakati ni kipandauso hichohicho.

4. Panda ngazi. Kipandauso huzidi ukijisogeza, ndiyo maana mgonjwa hujifungia chumbani gizani, asitake hata kusemeshwa. Maumivu ya mkazo hayajali ngazi. Ipo na aina ya tatu, adimu na kali mno: hushika jicho moja kwa dakika 15 hadi saa 3, mara nyingi usiku saa ileile, jicho likitoka machozi na pua ya upande huo ikichuruzika. Mwenye aina hii halali, huzunguka chumba hadi maumivu yaishe. Paracetamol haimfai kitu, amwone daktari.

5. Hesabu vidonge. Weka alama kwenye kalenda kila siku unayomeza dawa. Paracetamol siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile zilizochanganywa na kafeini au kodeini siku 10, kwa zaidi ya miezi 3, zinaweza zenyewe kukuletea maumivu ya kila siku. Mpelekee daktari kalenda hiyo mpange namna ya kuziacha, ukijua kwamba siku za mwanzo kichwa kitauma zaidi kabla ya kutulia.