Kuacha pombe ghafla: panya walitufunza nini?

Pengine umeyaona haya mahali kama Kimilili. Mtu aliyekunywa chang'aa kila siku kwa miaka mingi anatoka ibadani Jumapili akiapa kwamba haonji tena. Jumatatu asubuhi mikono inatetemeka na jasho linamtoka. Usiku anaanguka kifafa ambacho hakuwahi kuwa nacho, na majirani wananong'ona kwamba amerogwa.

Hajarogwa. Pombe hupoza ubongo, nao ubongo uliozoea hujikaza ili uendelee na kazi. Ni kama mtu anayesukuma mlango ulioshikiliwa kwa ndani: mlango ukiachiliwa ghafla, anaanguka kifudifudi.

Mwaka 1971 Dora Goldstein wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na mwenzake, walieleza jinsi walivyoweka panya katika mvuke wa pombe kwa siku 3. Saa chache baada ya kutolewa, panya akiinuliwa kwa mkia alikakamaa na kutukutika. (Na panya hana mchawi wa kulaumu.) Njia hiyo iliwawezesha watafiti kupima ni dawa gani hutuliza na ni ipi huchochea.

Zinazotuliza vizuri ni diazepamu na jamii yake, kwani hugusa mfumo ule ule wa ubongo unaoguswa na pombe. Si kila dawa ya kutuliza inafaa. Utafiti wa mwaka 1969 kwa wanajeshi wa zamani wa Marekani ulionyesha kwamba waliopewa klopromazini walipata kifafa zaidi kuliko waliopewa klodiazepoksaidi, ya jamii ya diazepamu.

Jambo jingine lililoonekana kwa panya ni kwamba kila wanapoachishwa pombe na kurudishiwa, kutukutika huzidi. Mfikirie anayeacha kila Jumatatu na "kutoa loki" kila Ijumaa.

Usinunue diazepamu dukani umpe mgonjwa nyumbani. Ikichanganyika na pombe inaweza kusimamisha pumzi. Hospitalini daktari hupima hali yake, humpunguzia dozi siku baada ya siku, na humwongezea vitamini B1, ambayo walevi wengi huikosa.

Kifafa huja zaidi kati ya saa 6 na 48 baada ya tone la mwisho. Kuweweseka, homa na kuona visivyokuwepo huja siku ya 2 hadi ya 4, na huweza kuua. Ukimfikisha hospitali, mwambie daktari mambo matatu bila haya: alikunywa nini, kiasi gani kwa siku, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi.