Mvulana Naye Afundishwe Kusema Anapoumwa

Binti anapokaribia kuvunja ungo, mama, shangazi au bibi humketisha na kumweleza mambo ya mwili wake. Mvulana je? Wengi huachwa wajifunze kwa wenzao machungani au bwenini. Tena tangu utotoni huambiwa, "Mwanamume halii." Basi hunyamazia hata ugonjwa usiostahili kunyamaziwa. Wahenga walisema, "Mficha uchi hazai." Katika somo hili tutaona jinsi methali hiyo inavyomhusu mvulana, tukifuata hatua za umri wake.

1. Akiwa mchanga

Unapomwogesha mtoto wa kiume, angalia kama korodani zote mbili zimeshuka kwenye mfuko wake. Wakati mwingine moja hubaki juu, tumboni au kinenani. Mara nyingi hushuka yenyewe katika miezi ya mwanzo. Akitimiza miezi 6 nayo haijashuka, mpelekeni hospitali. Ikihitajika kupasuliwa, ni vema ifanyike kabla hajafikia mwaka mmoja na nusu. Ikiachwa huko juu, uwezo wake wa kuzaa unaweza kupungua, na hatari ya saratani ya korodani huongezeka.

Anapoanza kusema, mfundisheni majina ya viungo vyake vyote, bila kucheka wala kukemea. Mtoto asiyejua jina la kiungo atawezaje kueleza kwamba kinauma, au kwamba mtu amemshika vibaya?

2. Umri wa shule: mkojo wenye damu

Katika sehemu zenye kichocho, kama vile Unguja, Pemba na vijiji vingi vya Shinyanga, wavulana huoga na kuchezea katika mito, mabwawa na majaruba. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini hupenya ngozi, hukua kuwa minyoo, na mayai yake huumiza kibofu. Ndipo mtoto hukojoa damu, hasa mwishoni mwa mkojo.

Wapo wanaodhani kwamba damu hiyo ni dalili ya mvulana kuwa mtu mzima. Sivyo! Mvulana hana hedhi. Damu katika mkojo ni ugonjwa, na kichocho kisipotibiwa kwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, na kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Dawa yake ni prazikwanteli, ambayo hutolewa kwa kipimo cha uzito au urefu, na mtoto ale chakula kwanza. Dawa haimkingi asiambukizwe tena akirudi katika maji yale yale. Kwa hiyo, choo kitumike, na watoto wasikojoe majini.

3. Anapobalehe

Mvulana huanza kubalehe kati ya miaka 9 na 14. Korodani hukua kwanza, kisha kinena huota nywele, sauti huwa nzito, na jasho huanza kunuka. Huweza pia kutokwa na mbegu usingizini. Mwambieni mapema kwamba huo si ugonjwa, wala si kosa lake. Akiamka akakuta shuka limelowa, alifue, aoge, aende shule. Asipoambiwa, atajificha, na akizoea kuficha hilo ataficha na jambo kubwa.

4. Maumivu ya ghafla ya korodani

Jambo kubwa ndilo hili. Korodani huning'inia kwenye mshipa unaoiletea damu. Mshipa huo unaweza kujisokota kama kamba, damu ikakatika. Hutokea zaidi kati ya miaka 12 na 18, mara nyingi usiku, hata bila kuumia. Dalili zake ni maumivu makali ya ghafla, uvimbe, korodani moja kupanda juu, na kutapika. Mvulana mwenye haya husema tu kwamba tumbo linamuuma.

Akifanyiwa upasuaji ndani ya saa 6, mara nyingi korodani hupona. Zikipita saa 24, kwa kawaida huwa imekufa, na hulazimika kuondolewa. Katika wodi yetu tumewapokea wavulana waliovumilia siku mbili kwa kuona haya kumwambia mwalimu wa bweni. Hao hatukuweza kuwaokolea korodani hiyo. Aliyebaki na moja nzima bado anaweza kuzaa, lakini hakuna sababu ya kupoteza nyingine kwa ajili ya haya.

Kwa hiyo msimkande kwa maji ya moto, msimpe vidonge vya maumivu mkangoja asubuhi. Mpelekeni hospitali yenye upasuaji usiku huo huo, na asile chakula njiani.

Nani amfundishe?

Baba ndiye wa kwanza. Asipokuwapo, mjomba au babu afanye kazi hiyo. Mama asijitoe, kwani mara nyingi ndiye anayeambiwa kwanza. Mvulana akisema anaumwa, asichekwe. Akichekwa mara moja, huenda asiseme tena.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Mwanetu akiumwa sehemu za siri usiku wa manane, angemwamsha nani?
2. Akiwa bwenini, anajua amwambie nani?
3. Hospitali yenye upasuaji iliyo karibu nasi ni ipi, na usiku tutafikaje?