Mkeka mmoja, hisa mbili: somo kutoka biashara ya yoga

Mwekezaji mdogo anaposikia kuwa biashara fulani inakua kwa kasi, mara nyingi huona hiyo ni sababu tosha ya kununua hisa. Historia ya kampuni mbili za Amerika ya Kaskazini, zote zikitegemea wapenzi wa yoga, inaonyesha kuwa haitoshi. Wateja walikuwa wa aina moja na kila mmoja alikuwa na mkeka wake, lakini hisa zilikwenda njia mbili tofauti.

Kampuni ya kwanza ni lululemon, iliyoanzishwa na Chip Wilson mwaka 1998 mjini Vancouver, Kanada. Yenyewe haikutegemea kufundisha yoga. Iliuza nguo za mazoezi, hasa suruali za kubana za wanawake, katika maduka yake yenyewe. Badala ya kutumia fedha nyingi kwa matangazo, iliwapa walimu wa yoga wa mtaani nguo zake wazivae mbele ya wanafunzi wao. Julai 2007 iliuza hisa kwa umma kwa dola 18 kila moja. Mwaka wake wa fedha wa 2011 mauzo yalifikia dola bilioni 1, na ule wa 2024 yalipita dola bilioni 10.

Kampuni ya pili ni YogaWorks, iliyoanza mwaka 1987 huko Santa Monica, California. Hii ndiyo iliyofundisha yoga yenyewe, na ilikuwa na jina la kuheshimika kwa mafunzo ya walimu. Ilipanga kuuza hisa mwaka 2017 kwa bei ya kati ya dola 12 na 14. Wanunuzi hawakujitokeza vya kutosha, mauzo yakaahirishwa, na Agosti mwaka huo hisa zikauzwa kwa dola 5.50. Mwaka 2019, bei ikiwa imeanguka chini ya dola 1, kampuni ilijiondoa katika soko la Nasdaq. Baada ya janga la korona kufunga kumbi zake, Oktoba 2020 iliomba kinga ya mahakama ya kufilisika. Katika hali hiyo wadai hulipwa kwanza. Mwenye hisa husubiri mabaki, kama yapo.

Tofauti iko katika kile kilichouzwa. Tuchukue mfano wa ukumbi wenye nafasi ya mikeka 30. Akija mwanafunzi wa 31, mwenye ukumbi hana pa kumweka. Lazima akodi ukumbi mwingine na kuajiri mwalimu mwingine. Wakija 8 tu, kodi ya pango haipungui hata senti. Kwa hiyo YogaWorks ilikua kwa kununua kumbi za wengine, na kila ukumbi ulikuja na mzigo wake.

Suruali ya dola 100 haina mpaka huo. Ikipendwa, kiwanda kinashona nyingine. Katika mwaka wa fedha wa 2011, kila dola 100 za mauzo ya lululemon ziliacha zaidi ya dola 55 baada ya kutoa gharama za bidhaa. Huko ndiko zilikotoka fedha za kufungua maduka mapya.

Hata hivyo, mwenye hisa za lululemon hakulala usingizi mnono siku zote. Aliyenunua hisa 55 mwaka 2007 alitoa dola 990. Mapema mwaka 2009, wakati wa msukosuko wa fedha duniani, bei ilishuka chini ya dola 5, na hisa hizo hazikufika hata dola 275. Asiyeuza alizikuta zimekuwa 110 mwaka 2011, kila hisa ilipogawanywa kuwa mbili. Machi 2013 kampuni iliondoa madukani asilimia 17 ya suruali zake za wanawake kwa sababu kitambaa kilionyesha mwili. Mwaka 2020 ilinunua Mirror, kampuni ya vioo vya kufundishia mazoezi nyumbani, kwa dola milioni 500. Baadaye ikafuta sehemu kubwa ya thamani hiyo katika vitabu vyake. Ilipotoka katika nguo na kuingia katika kufundisha, ilikutana na shida ile ile ya jirani yake.

Kwa mwekezaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, somo si kutafuta hisa za yoga. Ni kusoma waraka wa kuuzia hisa na kutafuta majibu matatu kabla ya kutoa fedha. Kwanza, mteja mmoja zaidi anaiongezea kampuni gharama kiasi gani? Pili, kampuni ilikuwa ikipata faida kabla ya kuuza hisa, au inauza hisa ili kuziba hasara? Tatu, fedha zako zitapanua kile inachokijua au zitanunua kile isichokijua?

Wateja wakipanga foleni mlangoni, hesabu foleni hiyo, kisha uliza kodi ya pango ni kiasi gani.