Ndui na Chanjo

Katika maradhi yaliyowatesa wanadamu zamani, ndui iliogopwa sana. Mgonjwa alishikwa na homa kali, kisha mwili wake ukajaa malengelenge yenye usaha. Katika kila wagonjwa 10, watatu hivi walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka. Dawa ya kuiponya haikuwapo. Lakini leo hakuna mtu hata mmoja duniani auguaye ndui. Je, ilishindwaje?

Huko Uingereza palikuwa na mganga, jina lake Edward Jenner. Alisikia watu wa mashamba wakisema kwamba mkamaji akiisha kupatwa na ndui ya ng'ombe, ambayo ni ndogo wala haiui, hashikwi tena na ndui ya watu. Tarehe 14 Mei 1796 akatwaa majimaji ya kidonda mkononi mwa mkamaji mmoja, Sarah Nelmes, akayatia katika chale mbili ndogo mkononi mwa mtoto wa miaka 8, James Phipps. Mtoto akapata homa kidogo, akapona. Baada ya majuma kadhaa Jenner akamtia ndui yenyewe, wala haikumshika.

Neno chanjo latokana na kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo. Siku hizi chanjo nyingi hutiwa kwa sindano, na nyingine hudondoshwa kinywani, lakini kazi yake ni ile ile. Mwili una askari wake ndani ya damu. Adui mgeni akiingia, askari hawamjui bado. Huchukua siku nyingi kujifunza kumpiga, na pengine mgonjwa hufa kabla hawajaweza. Chanjo huwaonyesha adui aliyedhoofishwa, au aliyekufa, au kipande chake tu. Basi adui wa kweli ajapo, huwakuta tayari.

Mwaka 1977 ndui ilikuwa imebaki Somalia tu. Katika mji wa Merca palikuwa na kijana, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Aliogopa maumivu, akakwepa kuchanjwa. Mwezi wa Oktoba akapanda motokaa iliyochukua watoto wawili wenye ndui, ili amwonyeshe dereva njia. Safari yake ilikuwa ya dakika chache tu, lakini ilitosha. Mmoja wa watoto wale, msichana mdogo, akafa. Na Maalin naye akaugua. Wachanjaji wakawatafuta wote waliomkaribia, wakachanja maelfu ya watu mjini, na ndui ikakosa njia ya kupita. Maalin akapona. Tarehe 8 Mei 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha duniani. Baadaye Maalin alizunguka katika nchi yake akiwahimiza wazazi wawachanje watoto wao polio, akiwasimulia habari zake mwenyewe, mpaka alipofariki mwaka 2013.

Ndui imekwisha, lakini maradhi mengine yangali yakitungojea. Virusi vya surua vyaweza kukaa hewani muda wa saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Ili surua ikose njia, yapasa watu 95 hivi katika kila 100 wawe wamekingwa. Hivyo mtoto aliyechanjwa hujikinga mwenyewe, tena humkinga mtoto mchanga ambaye siku zake za kuchanjwa hazijafika.

Katika Tanzania bara, zahanati za serikali husimamiwa na halmashauri za wilaya na za miji, na humo watoto huchanjwa bila malipo. Mtoto akizaliwa huchanjwa kifua kikuu, na kupewa matone ya polio. Akifikisha majuma 6, kisha 10, kisha 14, huchanjwa dondakoo, kifaduro na pepopunda. Akifikisha miezi 9, na tena miezi 18, huchanjwa surua. Tangu mwaka 2018 wasichana nao huchanjwa, wengi wao shuleni, ili wakingwe na saratani ya mlango wa kizazi watakapokuwa watu wazima.

Tazama jinsi tarehe hizi zilivyopangwa. Chanjo moja ikirukwa, mlango mmoja umeachwa wazi. Basi wewe ujuaye kusoma, mwombe mama kadi ya kliniki ya mdogo wako. Isome, mkahesabu pamoja. Mkiona nafasi tupu ambayo siku yake imepita, msikate tamaa: mwende naye zahanati, mkamwulize mwuguzi. Maumivu ya sindano ni ya kitambo kidogo, lakini maradhi yaweza kuacha kovu la maisha.

MASWALI

1. Kwa nini Jenner alitumia ndui ya ng'ombe?
2. Chanjo huwafundisha nini askari wa mwili?
3. Ndui ilikosaje njia katika mji wa Merca?
4. Mtoto aliyechanjwa humsaidiaje jirani yake?