Beringi ya Gurudumu: Ununue ya Chuma au ya Kauri?

Mkulima hutunza viazi vyake kwa miezi mitatu au minne. Hulima, hupanda, hupalilia, hunyunyiza dawa, kisha huchimba. Lakini kazi hiyo yote yaweza kuharibika barabarani kwa dakika chache, kwa sababu ya kitu kidogo kinachoshikika kwa mkono mmoja. Kitu hicho ni beringi ya gurudumu.

Tangu Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, wakulima wa skimu kama zile za Kinangop na Ol Kalou wamekuwa wakipeleka mazao yao Nairobi. Gunia lako likifika Kawangware hushushwa kutoka kwenye pikapu, na huenda likapakiwa juu ya mkokoteni ili kusukumwa mpaka vibandani, au mpaka Kibera. Pikapu ina beringi. Mkokoteni nao, ambao mara nyingi huundwa kwa ekseli ya motokaa kuukuu, una beringi. Beringi ikifa mkokotenini, mzigo hulala njiani. Ikifa katika pikapu iliyo mbioni, gurudumu laweza kuchomoka na watu wakafa.

Kazi yake

Beringi ina pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake mna gololi au rola. Hizo ndizo hubeba uzito huku gurudumu likizunguka. Gurudumu la kawaida la pikapu huzunguka mara 450 hivi katika kila kilometa. Basi safari ya kilometa 100 ni mizunguko 45,000, na mzigo uko juu wakati wote.

Habari ya kauri

Siku hizi kuna beringi za namna mpya, ambazo pete zake ni za chuma lakini gololi zake ni za kauri. Kauri hiyo si ile ya vikombe vya chai. Huitwa silikoni naitraidi, na kwa kawaida rangi yake ni nyeusi au kijivu cha kuiva. Gololi zake ni nyepesi, kwa kuwa uzito wake haufiki nusu ya uzito wa gololi za chuma za ukubwa ule ule. Haziingii kutu, na hazipitishi umeme. Kwa hiyo zinafaa sana katika mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa, na katika mota za umeme, ambamo umeme ukipita katika gololi za chuma huweza kuzichoma na kuzitoboa vishimo.

Je, zafaa kwa pikapu ya shamba? Fikiri hivi. Kinachoua beringi upesi katika barabara zetu ni vumbi, maji ya matope, grisi iliyokwisha na ufungaji mbaya. Kauri haizuii hata moja katika hayo. Pete bado ni za chuma, na zitaingia kutu kama kawaida. Tena, kauri ni ngumu kuliko chuma. Gurudumu likitumbukia shimoni kwa kishindo, gololi haibonyei, bali pete ndiyo hubonyea. Na bei yake ni mara nyingi ya bei ya beringi ya chuma. Kwa mzigo wa mkulima, nunua beringi ya chuma iliyo halali, ya kipimo chake, nayo fedha inayobaki inunue grisi nzuri na sili mpya.

Jinsi ya kuchagua

Usinunue kwa kukisia macho. Soma namba iliyochorwa kwenye pete ya beringi ya zamani. Kwa mfano, katika namba 6204, chukua tarakimu mbili za mwisho, 04, uzidishe kwa 5. Utapata 20, yaani tundu lake ni milimita 20. Lakini 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17. Ukiona herufi 2RS, mara nyingi maana yake ni kwamba beringi ina kifuniko cha mpira pande zote mbili. Hiyo ndiyo ifaayo penye matope. ZZ ni kifuniko cha bati, nacho hakizuii maji vizuri.

Pikapu nyingi za mizigo hutumia rola zilizochongoka upande mmoja, namna ambayo Henry Timken aliipatia hataza huko Marekani mwaka 1898. Hizo hubeba uzito wa juu pamoja na msukumo wa pembeni gari likikata kona. Ununuapo, badilisha pete ya ndani na ya nje pamoja, hata kama moja yaonekana nzima.

Jihadhari na bidhaa bandia. Kenya ina sheria ya kuzipinga tangu mwaka 2008, lakini mlinzi wa kwanza ni wewe mnunuzi. Ikiwa maandishi ya boksi hayalingani na ya pete, au bei ni ndogo mno, iache. Dai risiti siku zote.

Jinsi ya kutunza

1. Weka mawe kwenye magurudumu mengine, inua gari kwa jeki, kisha litegemeze kwa stendi imara. Usitegemee jeki peke yake.

2. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Lizungushe na kusikiliza. Likicheza au likikwaruza, beringi inataka kuangaliwa.

3. Beringi ya kufunguliwa ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe kabisa, na ichunguzwe. Ikiwa na vishimo, kutu au rangi ya buluu ya kuungua, itupe.

4. Tia grisi ya beringi za magurudumu, ukiisukuma kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Usichanganye grisi mpya na ya zamani. Funga sili mpya.

5. Kwa rola zilizochongoka, kaza nati huku ukizungusha gurudumu ili rola zikae mahali pake. Ilegeze, kisha uikaze tena kwa vidole tu, au kwa kipimo cha kitabu cha gari. Tia pini mpya ya kuzuia nati.

6. Beringi iliyofungwa moja kwa moja kiwandani haitiwi grisi. Ikianza kuvuma, hubadilishwa nzima.

Fundi asipige nyundo juu ya beringi. Huko Kibera na Kawangware wako mafundi stadi wanaofanya kazi mahali pa wazi. Mwombe fundi wako atandike kitambaa safi kabla ya kufungua, maana chembe ya mchanga ikiingia katika grisi husaga chuma kama tupa.

Baada ya safari, pitisha mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu. Moja likiwa moto kuliko mengine, angalia breki na beringi kabla ya kupakia tena. Na gari likipita katika maji yaliyofunika katikati ya gurudumu, fungua utazame siku hizo hizo. Usingoje msimu wa kuvuna ufike.