Mbwa Hapewi Bure

Watu wa kwetu wakitaka mbwa hawaendi sokoni. Huenda kwa jirani ambaye mbwa wake amezaa, wakamwomba mtoto mmoja, naye huwapa kwa furaha, maana anao sita na chakula cha sita hana. Mbwa huyo husemwa kuwa amepatikana bure. Nataka kuwaonyesha wasomaji wenzangu kwamba neno hilo si kweli. Mbwa ana bei yake, na bei hiyo hulipwa kila mara. Mwenye mbwa asipoilipa mapema, kidogo kidogo, italipwa baadaye kwa mara moja, na pengine atakayeilipa ni mtoto asiye na kosa. Jambo hili sikulijua kwanza kwa kusoma. Nilifundishwa na mbwa wetu Simba, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Kwetu ni Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, kusini ya Mbarara. Makazi yale ni ya zamani. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na leo wapo watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na Eritrea. Wazazi wangu walitoka Kongo. Walipewa kiwanja na shamba dogo, nasi hulima mahindi na maharage, na mama hukaanga mandazi ya kuuza. Tangu mwaka 2023, Shirika la Chakula Duniani lilipoanza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya shida zao, nyumba nyingi hupata kidogo kuliko zamani, na nyingine hazipati kitu. Basi kila shilingi ina kazi yake. Lakini mwenye mbuzi wawili na kuku kadhaa huogopa wezi wa usiku, na ndiyo sababu baba alimwomba jirani mtoto wa mbwa.

Siku moja wakati wa likizo, bwana mifugo alipita akitangaza kwamba kesho yake alasiri mbwa wote waletwe chini ya mwembe, wachanjwe kichaa cha mbwa bila malipo. Mama akaniambia, "Mwanangu, kesho umpeleke Simba." Nikaitika, "Ndiyo, mama." Lakini alasiri ile ulikuwapo mchezo wa mpira, tena niliona haya kumvuta mbwa kwa kamba mbele ya wenzangu. Jioni mama aliponiuliza, nilimjibu kwamba watu walikuwa wengi na dawa ikaisha. Ulikuwa uongo. Nilidhani ni uongo mdogo, kwa kuwa mbwa mwenyewe alikuwa mzima, mnene, na mwenye furaha.

Likizo iliyofuata, Simba alirudi asubuhi moja sikio limeraruliwa. Hakuna aliyejua amepigana na mbwa wa nani. Siku chache zikapita. Kisha mdogo wangu, mtoto wa miaka saba, akapita karibu na Simba alipokuwa akitafuna mfupa, naye akamwuma mguuni, damu ikatoka.

Majirani wakajaa uani, kila mtu na shauri lake. Mmoja alisema litafutwe jiwe jeusi liwekwe juu ya jeraha. Mwingine alitaka majivu. Vijana walishika fimbo wamwue mbwa pale pale. Aliyetusaidia ni jirani yetu, mama Msomali, ambaye mara nyingi alikuwa amelalamika kwamba mbwa wetu hulamba vyombo vyake vya maji. Watu wa dini yake hukiosha mara saba chombo kilicholambwa na mbwa, na kwa mtu achotaye maji mbali hiyo si kazi ndogo. Mama huyo alikuja na mche wa sabuni na dumu la maji. Akasema, "Osheni kwanza, maneno baadaye." Tukaosha jeraha kwa sabuni na maji ya kumiminika muda wa robo saa, mtoto akilia.

Bwana mifugo alipokuja aliuliza neno moja tu: "Mbwa huyu amechanjwa?" Mama akanitazama. Hapo ndipo nilipolazimika kusema kweli mbele ya watu wote. Bwana mifugo hakunikemea. Alisema, "Basi hatujui. Na kwa kuwa hatujui, itatupasa kufanya kana kwamba mbwa ni mgonjwa."

Ugonjwa wenyewe

Yafaa tuelewe kwa nini alisema hivyo. Kichaa cha mbwa huletwa na kijidudu kidogo sana, cha namna ile iitwayo virusi, ambacho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, kijidudu huingia katika nyama, kikashika mishipa ya fahamu, na kusafiri polepole mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua majuma kadhaa au miezi miwili mitatu. Wakati huo mtu hajisikii mgonjwa hata kidogo. Lakini dalili zikisha kuonekana, yaani homa, kuogopa maji, na kushindwa kumeza, karibu kila mgonjwa hufa, wala hospitali kubwa haiwezi kumwokoa. Kwa hiyo dawa sharti iwahi kabla ya dalili.

Dawa hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1885 huko Ufaransa, Louis Pasteur alimtibu mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Leo dunia ina dawa safi kuliko ile, lakini Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto ndiye achezaye na mbwa, na ndiye asiyejua kusoma uso wa mbwa aliyekasirika.

Je, kwa nini Simba hakuuawa? Kwa sababu mbwa akiwa na ugonjwa katika mate yake, yeye mwenyewe huugua na kufa katika siku chache. Akifungwa na kuangaliwa siku kumi, naye akawa mzima, twajua kwamba siku ile alipouma hakuwa na sumu hiyo. Mbwa aliyeuawa kwa fimbo hawezi kuangaliwa. Basi tulimfunga kwa mnyororo penye kivuli, tukampa maji na chakula kwa mti mrefu. Mdogo wangu hakuweza kungoja siku hizo kumi bila dawa. Ilimpasa aanze siku ile ile.

Hesabu ya baba

Katika kituo cha matibabu cha karibu dawa ilikuwa imekwisha. Tukapanda gari kwenda Mbarara. Huko mtoto alidungwa sindano ya kwanza mkononi, na kwa kuwa jeraha lilikuwa limetoa damu, dawa nyingine, iliyo ghali zaidi, iliingizwa pale pale penye jeraha. Tukaambiwa tumrudishe baada ya siku tatu, na tena siku ya saba.

Baba hakunipiga, nami wakati ule ningeona afadhali anipige. Alichukua daftari akaandika, kisha akanipa nisome kwa sauti. Mbuzi jike mmoja, aliyekuwa na mimba, ameuzwa kwa ajili ya dawa. Debe mbili za maharage ya mbegu zimeuzwa kwa nauli ya safari tatu. Siku tatu mama hakukaanga mandazi, na fedha ya unga imekwisha. Upande wa pili wa ukurasa aliandika maneno haya: "Chanjo ya Simba, chini ya mwembe: hapana malipo." Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mali yetu iliisha na habari yake nilikuwa nayo mkononi.

Siku ya kumi Simba alikuwa mzima, akitikisa mkia. Daktari alisema sindano zilizobaki hazihitajiwi tena. Tulimshukuru Mungu. Lakini tafadhali angalieni jambo hili: hatukutumia mali ile kwa sababu mbwa alikuwa mgonjwa. Tuliitumia kwa sababu hatukujua. Kile cheti kidogo cha chanjo, ambacho nilikiacha chini ya mwembe, ndicho ambacho kingetupa jibu la kumpa daktari. Na kama mbwa angekuwa mgonjwa kweli, nasi hatuna mbuzi wa kuuza, hesabu ingeandikwa kwa namna nyingine.

Ng'ombe na mbwa

Mbarara ni mji wa watu wa ng'ombe. Mjini ipo sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu, na maduka ya dawa za mifugo ni mengi. Mfugaji hununua dawa ya kupe bila kunung'unika, maana anajua kwamba kupe huleta ndigana, na ndigana huua. Katika Isingiro twajua pia kwamba ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia, minada hufungwa na ng'ombe hauzwi. Hakuna asemaye kwamba ng'ombe ni wa bure. Ng'ombe hutulipa kwa maziwa, na maziwa yaonekana. Mbwa hutulipa kwa usiku mtulivu, na usiku mtulivu hauonekani wala haupimwi kwa lita. Nadhani hii ndiyo sababu twaona uchungu kutoa hata shilingi chache kwa ajili yake.

Tena mbwa mmoja aliyechanjwa hamlindi mwenyewe tu. Wataalamu husema kwamba mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hukatika. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umekoma. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje, watu wakachanja tena, na mwaka 2018 ukakoma mara ya pili. Pemba yatufundisha mambo mawili: kwamba kazi hii yawezekana, na kwamba haifanywi mara moja ikaachwa. Nchi za dunia zimeweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu yeyote kwa kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Shabaha hiyo haitafikiwa Geneva peke yake. Itafikiwa chini ya miembe kama ule niliouepuka.

Wajibu wa mwenye mbwa

Basi kabla ya kumwomba jirani mtoto wa mbwa, chukua karatasi uandike mambo haya sita, na mbele ya kila moja uandike fedha au kazi itakayohitajiwa.

Kwanza, chanjo. Mtoto wa mbwa huchanjwa afikapo miezi mitatu, kisha kila mwaka. Cheti kitunzwe pamoja na karatasi za nyumbani.

Pili, chakula na maji ya kila siku. Mbwa asiyelishwa hujilisha kwa jirani, na huko ndiko anakopigana.

Tatu, dawa ya minyoo. Usimpe mbwa maini na mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa. Iko tegu ambayo mbwa huipata humo, na mayai yake yakimwingia mtu, humfanyia vifuko vya maji katika ini au mapafu. Watu wa Turkana, kaskazini ya Kenya, wameteswa sana na ugonjwa huu.

Nne, mahali pa kulala na ua au kamba, ili asizurure.

Tano, uzazi. Kama huwezi kulisha watoto sita, mwulize bwana mifugo juu ya kumhasi dume au kumfunga jike uzazi. Kugawa watoto wa mbwa kwa watu wasioweza kuwatunza ni kugawa taabu.

Sita, akiba ndogo ya siku mbaya, na heshima kwa jirani. Vyombo vya jirani visiguswe na mbwa wako.

Mtu akiona karatasi hiyo yamshinda, asione aibu kukaa bila mbwa. Mlango imara na jirani mwema navyo ni ulinzi.

Simba yungali hai. Alipomaliza siku zake kumi, mimi ndiye niliyemvuta kwa kamba mpaka kwa bwana mifugo, mchana kweupe, nikapita kando ya kiwanja cha mpira wenzangu wakicheka. Safari hii haikuwa bure. Nililipa kwa fedha niliyoipata kwa kupalilia shamba la mtu siku mbili, na bado ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya mbuzi yule. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta kwa mbuzi, kwa maharage, na kwa machozi ya mtoto. Wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu yuko mbwa, waulize wazazi wako swali lile la bwana mifugo: amechanjwa? Wakisema hawajui, anza hapo.